Ulinganisho: vifurushi vya nyama ya ng'ombe ndani ya pastri kwa wageni kumi na wawili, njia ipi itafaa hapa Mwanza?

Mama wa Pasiansi

Wanajukwaa, habari za jioni. Mwezi ujao wazazi wangu wanatimiza miaka 40 ya ndoa, na sisi watoto tumekubaliana kwamba badala ya kukodi ukumbi tutawaandalia chakula cha jioni nyumbani, hapa Pasiansi, watu kumi na wawili kwa jumla. Ninataka kila mgeni awekewe kifurushi chake mwenyewe cha nyama ya ng'ombe iliyofungwa ndani ya pastri ya matabaka, kwa mfano wa kile chakula ambacho Waingereza hukiita Beef Wellington. Chao huwa pande moja kubwa linalokatwa mezani; mimi ninapendelea vidogo kwa sababu kila mtu anapata ganda lake zima, na hakuna anayeachiwa kipande cha mwisho kilichobomoka.

Nimekwama katika mambo matatu. La kwanza ni pastri: ninunue iliyogandishwa, niitengeneze mwenyewe kwa siagi, au nitumie manda za sambusa? La pili ni nyama: mapishi niliyosoma yanataka sarara, ule msuli laini wa mgongoni, ibaki na wekundu katikati, lakini baba yangu hajawahi kula nyama ya namna hiyo na sitaki aanze kulazimishwa usiku wa sherehe yake. La tatu ni kwamba baadhi ya mapishi hayo huizungushia nyama vipande vyembamba vya nguruwe, na wakwe zangu ni Waislamu, kwa hiyo hicho nimekiondoa na ninahitaji kitu cha kukaa mahali pake. Oveni yangu ni ya gesi. Naomba mnilinganishie kwa yale mliyoyafanya kwa mikono yenu.

Nyegezi Jikoni

Dada, hongera kwa wazazi. Mimi ningechukua iliyogandishwa, na sababu yangu ni joto. Siagi huanza kulegea ikipita nyuzi 20 hivi, na ikikaribia nyuzi 35 huwa imeshayeyuka. Jiko langu saa nane mchana hufika nyuzi 28 bila oveni kuwashwa. Pastri ya dukani imekwisha kukunjwa na mashine ndani ya baridi, wewe unabaki na kazi ya kukata na kufunga.

Ila uichunguze kabla ya kulipa. Pakiti yenye barafu nyingi ndani, au ambayo karatasi zake zimegandamana upande mmoja, huenda imeyeyuka njiani ikagandishwa tena, na haitapanda vizuri hata ukiibembeleza. Soma pia kilichoandikwa nyuma, kwa maana nyingi hutengenezwa kwa mafuta ya mimea. Hizo hupanda vizuri, lakini huacha utando kwenye kaakaa ambao siagi haiuachi. Nenda dukani na kasha lenye barafu, na siku ya kuitumia iyeyushe ndani ya friji usiku kucha, si juu ya meza.

Mpishi Mstaafu

Mama wa Pasiansi, nimefanya kazi ya jiko la hoteli kwa miaka mingi, na ninaomba nikushauri tofauti na ndugu wa Nyegezi, ingawa alilosema kuhusu joto ni kweli tupu. Joto la Mwanza linakuzuia kufanya kazi hii mchana, halikuzuii kuifanya alfajiri. Saa kumi na moja asubuhi, hewa ya usiku ikiwa bado inaingia dirishani, jiko huwa na ubaridi wa kutosha, na ukitumia ile njia ya mkato badala ya ile ndefu ya kufunika pande zima la siagi, utamaliza kabla jua halijapanda.

Kwa watu kumi na wawili pima unga wa ngano gramu 750, siagi ya ng'ombe gramu 500 iliyolala kwenye friji, chumvi vijiko vidogo viwili na maji ya barafu kama mililita 350. Kata siagi vipande vya ukubwa wa punje ya karanga, ichanganye na unga bila kuifikicha mpaka ipotee, kisha tia maji kidogo kidogo hadi donge lishikamane. Litaonekana bovu na lenye mabaka. Liache hivyo hivyo. Ligawe mara mbili, sukuma kila sehemu iwe mstatili mrefu, ikunje sehemu tatu kama barua, izungushe robo, uisukume tena na kuikunja tena. Baada ya kila mikunjo miwili irudishe kwenye friji kwa nusu saa. Mikunjo minne inatosha, nayo hukupa matabaka 81.

Kinachoipandisha pastri ni maji. Siagi ina maji karibu asilimia 16, na maji hayo pamoja na yale ya kwenye unga hugeuka mvuke ndani ya oveni na kusukuma tabaka moja kutoka kwa lingine, huku mafuta yakizuia yasigandane. Siagi ikiyeyuka wakati unasukuma, hunywewa na unga, na unabaki na mkate mgumu. Kwa hiyo ukiona inang'aa au inanata mkononi, simama papo hapo uirudishe kwenye friji, hata kama ulikuwa katikati ya mkunjo.

Binti wa Nansio

Shikamoo Mpishi. Mimi niko Ukerewe, na huku umeme unapokatika friji haiwezi kutegemewa kwa kazi ya mikunjo, kwa hiyo nimezoea manda. Ninazipaka samli iliyoyeyushwa, ninapanga tano au sita moja juu ya nyingine kwa kuzipishanisha pembe, ninaweka nyama katikati na kufunga. Ninaoka kwenye sufuria kubwa yenye mchanga chini, kwa mkaa, na makaa mengine ninapalia juu ya mfuniko. Ya juu yawe mengi kuliko ya chini, la sivyo kitako kinaungua kabla uso haujapata rangi. Vinatoka vikavu na vinapasuka vizuri mdomoni. Je, kuna ubaya?

Mpishi Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Hakuna ubaya wowote, ila ujue kwamba hicho ni chakula kingine. Samli imekwisha kuchemshwa hadi maji yake yote yakatoka, ndiyo maana manda zako hukauka na kupasuka lakini hazipandi. Zina sifa moja ambayo pastri ya siagi haina: hazihitaji ubaridi, na mtu anaweza kuzifunga mchana wa jua kali. Lakini hazistahimili nyama yenye majimaji, kwa kuwa ni nyembamba mno, na zikishalowa hakuna cha kuziokoa. Mama wa Pasiansi ana friji na oveni ya gesi, kwa hiyo kwake siioni sababu ya kuziacha faida za siagi. Mwenye jiko la mkaa afanye kama wewe.

Bucha ya Igoma

Naomba niingie kwenye nyama, maana ndiko mtakakoharibu fedha. Sarara ni ule msuli mrefu ulio upande wa ndani wa uti wa mgongo, ambao mnyama hautumii sana, ndiyo maana ni laini. Ng'ombe wetu wa Kisukuma wana nundu na maumbo madogo, na sarara yao ni nyembamba kuliko ile inayoonekana kwenye picha za mapishi ya kigeni. Kwa watu kumi na wawili, ukimpa kila mmoja gramu 160, unahitaji karibu kilo mbili zilizokwisha kusafishwa utando, kwa hiyo agiza sarara mbili au tatu mapema. Usije siku ya sherehe. Ile ncha nyembamba ya mkiani ikunje chini na kuifunga kwa uzi ili unene ulingane, kwani kipande chembamba hukauka wakati kinene bado kibichi.

Jambo la pili, msipike nyama iliyochinjwa alfajiri hiyo hiyo. Misuli hukakamaa saa chache baada ya kuchinja na huchukua muda kulegea. Sarara ikikaa siku tatu kwenye friji isiyozidi nyuzi 4, ikiwa imefunikwa, huwa laini zaidi. Najua watu wetu huamini nyama ya jana ni mbovu, na kwa bucha lisilo na friji wana haki kabisa. Lakini kwa kazi hii subira ya siku tatu ina thamani kuliko kiungo chochote.

Kuhusu wekundu: kipimajoto kikionyesha nyuzi 55 katikati, nyama ina wekundu, 62, imebaki waridi kidogo, 71 na zaidi imeiva kabisa. Ila sarara iliyofika 71 imepoteza kile ulichoilipia.

Mpishi Mstaafu

Hapo ndipo ninapotaka sote tusimame, kwa kuwa naona tunabishana kuhusu ganda na tumeisahau meza yenyewe. Mzee asiyekula nyama yenye wekundu usimpikie sarara kwa nyuzi 71, maana utampa kitu kikavu chenye bei kubwa. Mpikie muundi. Nyama ya muundi ina kano nyingi, na kano hizo zikichemka taratibu kwa saa tatu au nne hugeuka ute unaoilainisha nyama yote. Hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo usishangae ikichelewa kidogo kuliko kitabu kinavyosema; ukiwa na sufuria ya presha, saa moja na nusu inatosha.

Kilo tatu za muundi bila mfupa zitapungua hadi karibu kilo mbili. Ichambue kwa mkono, punguza mchuzi wake motoni hadi uwe mzito kama asali, uchanganye na nyama, kisha shindilia kwenye vibakuli vidogo na uache kwenye friji usiku mmoja. Asubuhi ule ute umeganda, kila kibakuli kinatoa donge imara unaloweza kulifunga bila kumwagika. Ndani ya oveni linalainika tena, na mgeni akikata ganda anakutana na nyama iliyolowa mchuzi wake wenyewe.

Nyegezi Jikoni

Mpishi, kwa heshima zote, nyama iliyochambuliwa ndani ya pastri kwangu ni sambusa kubwa. Mtu akisikia chakula cha miaka 40 ya ndoa anatazamia kuona kipande kizima kikikatwa. Mimi ningepika sarara hadi nyuzi 63, niiache ipumzike, na kuamini kwamba mzee ataipenda.

Mpishi Mstaafu

Ndugu yangu, mzee hatasema kitu mbele ya wakwe. Atakula pembeni pembeni na kurudisha sahani ikiwa na nusu. Nimeziona sahani za namna hiyo zikirudi jikoni mara nyingi mno, na wapishi wanaofurahia kipimajoto chao hawazitazami.

Mama wa Pasiansi

Nimewasoma wote na nimejaribu Jumamosi, vifurushi sita: viwili vya sarara kwa pastri ya dukani, viwili vya sarara kwa pastri niliyoikunja mwenyewe alfajiri, na viwili vya muundi. Mahali pa nguruwe nilitumia chapati za maji nyembamba sana, zisizo na sukari. Baadaye nilisoma kwamba hata Ulaya wapo wanaotumia chapati za aina hiyo kunyonya majimaji ya nyama. Juu ya nyama nilipaka haradali, kisha uyoga mamama uliokatwakatwa na kukaangwa bila mafuta hadi kikaango kikakauka kabisa.

Matokeo ni haya. Pastri ya dukani ilipanda zaidi na kwa usawa. Yangu ilipanda pungufu kidogo, upande mmoja ulikuwa mfupi, lakini dada yangu, ambaye hakuambiwa ipi ni ipi, alirudia ile ya siagi na kuiacha nyingine. Sarara niliikaanga sekunde 45 kila upande kwa moto mkali. Kifurushi cha kwanza nilikifunga nyama ikiwa bado vuguvugu, na kitako kilitoka kibichi na kimelowa. Cha pili nilisubiri saa nzima, nyama ikapoa kwenye friji, nikaweka trei tupu ndani ya oveni ipate moto kwanza, kisha nikaviweka vifurushi juu yake kwa nyuzi 210, dakika 22. Kitako kilikuwa kikavu na kililia kisu kilipokikata.

Muundi ulinishangaza. Nilidhani ungekuwa chakula cha pili cha kuwapa wasiotaka sarara, kumbe mimi mwenyewe niliumaliza. Nimeamua kufanya saba za muundi kwa wazee na wakwe, na tano za sarara kwa sisi wadogo, zote kwa pastri ya siagi. Na ili visichanganyike, nitakata jani dogo la pastri na kulibandika juu ya vile vya muundi. Ninaweza kuvifunga vyote siku moja kabla?

Bucha ya Igoma

Sarara ije kwako Jumatano kama sherehe ni Jumamosi. Mwambie unayenunua kwake akupe sehemu ya katikati na asiikatekate. Ukate mwenyewe nyumbani kwa mizani.

Mpishi Mstaafu

Vya muundi unaweza kuvifunga Ijumaa jioni bila wasiwasi, kwa sababu donge lake ni baridi na limeganda. Vya sarara funga Jumamosi asubuhi, kwani nyama mbichi ndani huendelea kutoa maji polepole na pastri itaanza kulowa usiku. Vyote vipakwe kiini cha yai mara mbili, mara moja baada ya kufunga na mara nyingine kabla ya kuingia ovenini, na kila kimoja ukitoboe tundu dogo juu la kutolea mvuke, ambalo sikuona ukilitaja. Halafu vya muundi vinahitaji dakika 30, si 22, kwa sababu vinatoka kwenye friji vikiwa baridi hadi katikati. Vianze kuingia navyo vya sarara vifuate dakika nane baadaye, ili vyote vitoke pamoja.

Mama wa Pasiansi

Kweli, tundu nililisahau, na kimoja kilipasuka ubavuni. Nimeandika kila kitu kwenye karatasi na kuibandika mlangoni mwa friji. Sarara mbili na muundi kilo mbili nimekwisha kuagiza, vyote vya Jumatano.