"Mtoto alale chumba kingine." Chumba kipi?!

Wakuu, nimetoka zahanati sasa hivi natetemeka kwa hasira. Yule mtaalamu mnamjua wote, simtaji. Mwanangu kifua kimelia filimbi usiku kucha. Namweleza: ukuta unavuja, ukungu mweusi umepanda hadi darini, nyuma ya nyumba wanachoma taka. Hakuinua hata uso. "Mtoto alale chumba kingine."

CHUMBA KINGINE! Tunaishi sita kwenye chumba ambacho mmoja akijigeuza usiku, wote tunajigeuza. Nikamwambia chumba ni kimoja. Akarudia polepole, utadhani mimi ndiye sisikii: "Chumba. Kingine." Foleni nzima ikasikia.

Dawa katoa, sikatai. Nampulizia mtoto, kisha namrudisha kwenye ukuta uleule. Ukungu na moshi vinaamsha pumu, hilo mimi nalijua na shule sikumaliza. Yeye kasoma, anasema chumba kingine!

Zege: Chumba kingine anacho yeye. Mpelekee mtoto na godoro.

Msoma Usiku: Mleta mada, tumesikia, chumba kingine, punguza kelele. Ila hoja ipo. Marekani, kuanzia 1994, familia za mitaa fukara kabisa zilipewa vocha za kuhamia mitaa yenye nafuu. Matokeo yaliyochapishwa 2011 yalionyesha kisukari na unene wa kupindukia vimepungua kwa kina mama waliopewa nafasi hiyo. Hakuna aliyewapa kidonge, walibadilishiwa mtaa tu.

Mleta mada: Umeona! Mtaa! Halafu mimi naambiwa chumba!

Mpita Njia: Acha kulia lia, mbane mwenye nyumba apake chokaa.

Mtaroni: Chokaa juu ya maji? Ukungu unarudi kabla brashi haijakauka. Na afadhali nyie mna ukuta tu. Kwetu mtaro umeziba mlangoni, mvua ikinyesha choo kinaingia ndani na watoto wanaharisha kwa zamu.

Macho Makavu: Mtaro unazibuliwa, kaka. Sisi malori yanapita dirishani hadi alfajiri, presha ya mama haishuki. Shirika la Afya Duniani (WHO), kanda ya Ulaya, walipendekeza mwaka 2018 kelele za barabarani usiku zisizidi wastani wa desibeli 45. Kwetu vikombe vinatembea mezani.

Mtaroni: Malori hayohayo ndiyo yaliyouvunja mtaro wetu! Fungua uzi wako.

Macho Makavu: Naufungua sasa hivi, na dereva wa lile la kokoto anajijua.

Zege: La kokoto? Lenye honi mbili? Nakuja huko.