MJADALA: Magazeti ya zamani ya Barbados yamepigwa picha. Je, kazi imekwisha, au bila faharasa ya majina bado haijaanza?

Mleta mada

Ndugu zangu, naleta hoja hii kwa wapenzi wa historia na kwa wale wanaofanya kazi kwenye maktaba na nyaraka.

Barbados ni kisiwa cha Karibi chenye watu wasiofika 300,000, lakini kina hazina ya magazeti ambayo nchi nyingi kubwa hazina. Gazeti la Barbados Mercury lilianza mwaka 1762. Idara ya Nyaraka ya Barbados, iliyoko Black Rock karibu na Bridgetown, inatunza matoleo ya kuanzia 1783 hadi 1848, na yamepigwa picha kwa fedha za mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Picha zikawekwa mtandaoni bure.

Wapo wanaosema hapo kazi imekwisha: gazeti limeokolewa, sasa fedha na watu wahamie kwenye magazeti mengine ambayo hayajaguswa. Wapo wanaosema picha bila faharasa, yaani orodha inayoonyesha nani yuko ukurasa upi, ni ghala lisilo na mlango. Mimi niko na hawa wa pili, na nitaeleza kwa nini.

Fungua toleo lolote la miaka ya 1780. Ni gazeti la kurasa chache, herufi ndogo zimebanana kwenye safu ndefu, na lilikuwa likitoka mara mbili kwa wiki. Habari zake ni za Ulaya, za meli zilizotia nanga, za vikao vya wakubwa wa kisiwa. Waafrika na watoto wao, ambao ndio waliokuwa wengi kisiwani, huwaoni humo kama watu wa kuhabarishwa. Teremka kwenye matangazo ndipo utakutana nao. Mmoja anauzwa pamoja na ng'ombe na samani za marehemu. Mwingine amekamatwa na anashikiliwa gerezani mpaka ajitokeze wa kumdai. Mwingine ametoroka.

Hili tangazo la mtoro ndilo linalonikalisha. Linataja jina lake, umri wa kukadiria, kimo, kovu lilipo, ufundi wake kama ni seremala au mchuuzi wa mjini, wakati mwingine hata nguo alizovaa na jinsi anavyozungumza. Kisha linataja anakodhaniwa kujificha: kwa mama yake kwenye shamba fulani, kwa mumewe parokia nyingine (parokia ndizo wilaya za kisiwa), kwa ndugu walio huru mjini. Bwana aliandika hayo yote ili amkamate. Lakini kwa kuandika hivyo ametuachia habari za mama, mume na ndugu wa mtu ambaye hakuna ofisi iliyojali kuandika ukoo wake.

Sasa katalogi ya kawaida ya gazeti inaandika nini? Jina la gazeti, tarehe, namba ya toleo. Basi. Profesa mwenye likizo ya utafiti na posho atapekua ukurasa kwa ukurasa. Mwalimu wa shule ya msingi wa parokia ya St. Philip anayetafuta wazee wake hatapekua, atafungua kurasa tatu na kuifunga simu.

Na msiniambie kompyuta itasoma. Magazeti ya karne ya 18 yalitumia ile herufi ndefu ya "s" inayofanana na "f". Programu ya kusoma maandishi inaliona neno "slave" kama "flave". Ongeza wino uliovuja upande wa pili, mikunjo na matundu ya wadudu. Mtu akitafuta kwa neno sahihi anaambiwa hakuna kitu, naye anaamini kweli hakuna.

Pendekezo langu: kila tangazo la mtu aliyetumikishwa lipewe rekodi yake, na kinachoanza kwenye rekodi kiwe jina la huyo mtu, si la bwana aliyelipia tangazo. Zifuate parokia (ziko 11), shamba, ufundi, ndugu waliotajwa, tarehe na safu. Kwa miaka ya 1817 hadi 1834 rekodi hizo zinaweza kuunganishwa na madaftari ya serikali ya kuwaandikisha watumwa wa makoloni ya Kiingereza ya Karibi, yale ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2009. Madaftari yamepangwa kwa jina la mwenye watumwa. Tangazo linakupa jina la bwana na la shamba, daftari linakupa waliokuwa naye hapo. Ukiviweka pamoja unaweza kumpata mama.

Karibuni.

Mkutubi, Dodoma

Mkuu, umeandika vizuri ila napinga mpangilio wako.

Tarehe 18 Juni 2024 jengo mojawapo la hiyo hiyo Idara ya Nyaraka, pale pale Black Rock, liliteketea kwa moto. Radi ilitajwa kuwa chanzo. Ziliungua nyaraka ambazo hazina nakala popote. Faharasa inaweza kutengenezwa leo, ikatengenezwa hata na wajukuu zetu, mradi picha ipo. Karatasi iliyogeuka majivu haina faharasa itakayoirudisha. Mtu akiwa na fedha za mwaka mmoja tu, akizitumia kuandika majina kutoka gazeti ambalo tayari liko salama huku rafu ya pili ikisubiri radi, mimi siwezi kumwelewa.

Na kuna jambo ambalo watu wa nje ya fani hawalijui. Gazeti la 1783 mara nyingi liko imara kuliko la 1923. Zamani karatasi ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, ikadumu. Kuanzia nusu ya pili ya karne ya 19 magazeti yakaanza kuchapwa kwenye karatasi ya massa ya mbao, yaani mbao zilizosagwa, ambayo inazalisha asidi yenyewe kwa yenyewe, inageuka njano, kisha kahawia, kisha inavunjika mkononi. Nimeshika magazeti ya namna hiyo. Unafungua ukurasa, na pembe inabaki mezani. Kwenye joto na unyevu wa pwani au wa kisiwa, hali hiyo inakwenda mbio zaidi, na mchwa wanamalizia.

Sasa jiulize magazeti ya miaka ya 1920 ya Barbados ni yapi. Ni kama lile la Barbados Herald, alilohariri Clennell Wickham, mtu aliyewaandika wafanyakazi wa mashamba na madhila yao mpaka kesi ya kukashifu ya mwaka 1930 ikamtoa kwenye gazeti. Pale mtu mweusi ameshika kalamu mwenyewe. Mercury ni sauti ya wenye mashamba. Wewe unataka tutumie nguvu zote kumchambua bwana, wakati gazeti la mtetezi linamong'onyoka?

Msomaji, Mombasa

Hamjambo wote. Mimi natofautiana na nyinyi wawili kwa sababu nyingine.

Kwanza ni hayo majina. Sisi watu wa pwani tunajua uzito wa jambo hili. Sultani wa Zanzibar alipiga marufuku hali ya utumwa mwaka 1897, ni zaidi ya karne sasa, lakini mpaka leo kuna nyumba ambazo ukiuliza asili ya bibi fulani unajibiwa kwa ukimya. Kuna ndoa zimevunjika kwa maneno hayo. Leo unataka kuweka mtandaoni jina la mtu, kovu lake, na chapa aliyochomwa mwilini, kwa maneno ya yule yule aliyemmiliki? Nani kakupa ruhusa?

Pili ni hilo la London. Mwaka 2011 kesi ya wazee wetu wa Mau Mau katika Mahakama Kuu ya London ndiyo iliyofanya serikali ya Uingereza ikiri kuwa na maelfu ya mafaili iliyoyahamisha kutoka makoloni 37 wakati wa uhuru na kuyaficha Hanslope Park, kituo cha serikali huko huko Uingereza. Mafaili ya Kenya yalikuwamo, na ya visiwa vya Karibi kama Bahamas yalikuwamo. Halafu tunashangilia kwamba magazeti ya kisiwa kile yamehifadhiwa kwa hisani ya London! Mwenye seva ndiye mwenye funguo.

Mtanzania, Leicester

Naongeza kidogo kwa ndugu wa Mombasa. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wadukuzi, na huduma zake za mtandaoni zikalala kwa miezi. Hata mikusanyo ya ule mpango wa nyaraka zilizo hatarini ilikuwa haifunguki. Kwa hiyo suala la funguo si la siasa tu. Ila tuwe wakweli pia: masharti ya mpango ule ni kwamba nyaraka halisi zisitoke nchini mwake na nakala ya picha ibaki huko huko. Hawakuchukua gazeti.

Mleta mada

Ahsanteni. Nianze na ndugu yangu wa Mombasa, maana hoja yake ndiyo iliyonigusa zaidi.

Aibu unayoizungumzia ipo, na siidharau. Lakini ina mazingira yake. Kwetu pwani, kizazi cha aliyemiliki na kizazi cha aliyemilikiwa waliishi mtaa mmoja, wakaoana, wakaswali msikiti mmoja, na kutaja asili kukawa silaha ya kumshusha mwenzio. Barbados walio wengi kabisa ni wazao wa waliotumikishwa. Hapo hakuna wa kumcheka mwingine. Mwaka 2021, siku chache baada ya nchi kuwa jamhuri tarehe 30 Novemba, Waziri Mkuu Mia Mottley alitangaza mpango wa kujenga kumbukumbu kwenye makaburi ya waliotumikishwa katika shamba la zamani la Newton, pamoja na kuziweka nyaraka zao katika mfumo wa kidijitali. Hiyo ni nchi inayotaka majina yatoke. Kwa hiyo ruhusa unayoiuliza ni ya Wabarbados, na wao wameshaanza kuitoa.

Kuhusu maneno ya bwana nakubaliana nawe kwamba hayafai kunakiliwa kama yalivyo juu ya rekodi. Ndiyo maana nimesema jina la mtu litangulie. Kinachoandikwa kwenye katalogi ni lugha yetu. Picha ya tangazo ibaki chini yake, kwa anayetaka ushahidi.

Mkutubi, la karatasi ya massa ya mbao sina cha kupinga, na la Wickham pia. Lakini umeigawa kazi kana kwamba mikono inayopiga picha na mikono inayoorodhesha lazima igombee fungu moja. Tazama hali halisi ya chumba cha kupiga picha: kuna mtu anayefungua kila ukurasa, anaunyoosha, anauhakiki kama picha imetoka. Huyo mtu ni Mbarbados, anazijua parokia, anayajua majina ya mashamba kwa sababu mengi yamebaki kuwa majina ya vijiji na vitongoji. Mlipe saa chache zaidi kwa siku aandike ukurasa upi una matangazo ya watu. Haijawa faharasa kamili, ila mtu mwingine ataingia moja kwa moja kwenye kurasa hizo bila kuanza upya. Mfadhili anayelipia kamera na hataki kulipia hizo saa, huyo ndiye wa kubanwa. Wafadhili wanapenda idadi ya picha kwa sababu inahesabika kwenye ripoti. Majina yaliyopatikana hayaulizwi.

Na usiseme Mercury ni sauti ya bwana tu. Soma tena yale matangazo. Bwana anakiri kwamba mtu wake amemkimbia, wakati mwingine si mara ya kwanza, na kwamba kuna watu wanamficha. Wiki kwa wiki, kwa gharama yake mwenyewe, anatangaza kisiwa kizima kuwa hawezi kuwazuia. Sijui gazeti la mtetezi lipi lingeweza kutupatia ushahidi kama huo wa mwaka 1785.

Msomaji, Mombasa

La lugha ya katalogi nimelipokea. La seva bado. Katalogi ikishajengwa ikae kwao, kwenye mashine yao, na London ipewe nakala kama wengine. Isiwe kinyume chake.

Mkutubi, Dodoma

Hilo la kumlipa mpiga picha saa za ziada nalikubali, tena ningelifanya hata hapa kwetu kesho kama ningepata kibali. Kwenye mpangilio bado sijasogea. Ningeanza na magazeti ya karatasi mbovu, yale ya 1900 kuja mbele, yapigwe picha na kualamishwa kwa njia hiyo hiyo uliyoitaja. Kisha ningerudi nyuma kwa The Liberal la Samuel Jackman Prescod, aliyelihariri tangu mwishoni mwa miaka ya 1830 na mwaka 1843 akawa mtu wa kwanza mwenye asili ya Afrika kuchaguliwa kuingia bunge la kisiwa. Mercury ningelipeleka kwa watu wa kujitolea, makanisani na mashuleni, kwa kuwa picha zake zipo na hakuna ukurasa utakaovunjika mikononi mwao.

Ila hapo nina swali kwako, mleta mada. Mtu wa kujitolea akisoma jina vibaya, akamhusisha mtoro na shamba lisilo lake, ukoo mzima utafuata kosa hilo. Nani atahakiki, na mshahara wake utatoka fungu lipi? Ukinijibu hilo nitahamia upande wako.