GEOS-Chem inaonyesha hewa ya Dar ni safi kuliko kifaa changu kinavyopima. Tatizo liko wapi?

mwana_angahewa
Habari za jioni wakuu. Nasoma shahada ya uzamili, utafiti wangu ni vumbi laini (PM2.5) Dar es Salaam. Kifaa nimekifunga ukutani nyumbani Mbagala, na kwenye kompyuta ya idara naendesha GEOS-Chem, modeli ya kemia ya angahewa, kwa gridi ya nyuzi 2 kwa 2.5 (ndio ukubwa wa kila kisanduku cha ramani). Juni hadi Agosti modeli inanipa chini ya nusu ya ninachopima. Msimamizi wangu anasema modeli za Wazungu haziijui Afrika, niachane nayo. Mimi bado sijaridhika. Kuna aliyekutana na hili?

Bi_Kisarawe
Usiiache, mdogo wangu. Chukua ramani kwanza. Kwenye gridi hiyo kisanduku chako kinaanzia nyuzi 5 kusini hadi 7, na longitudo 38.75 hadi 41.25. Humo kuna Dar, Bagamoyo, Tanga, Unguja na Pemba, na sehemu kubwa kuliko nchi kavu yote hiyo ni Bahari ya Hindi. Moshi wa Mbagala ukiingia humo unasambazwa papo hapo kilomita 275 kwa 220, tena miezi hiyo kusi inaleta hewa safi ya baharini. Namba unayopata ni wastani wa eneo lote hilo.

Endesha gridi ya 0.5 kwa 0.625 kwa data za hali ya hewa za MERRA-2, ukate kipande cha Afrika Mashariki tu. Hapo Posta na Mbagala zinabaki kisanduku kimoja, Tegeta inahamia cha kaskazini. Hali ya mipakani, yaani hewa inayoingia kwenye kipande hicho kutoka nje, utaipata kwenye hiyo gridi kubwa unayoendesha sasa. Washa BoundaryConditions kwenye faili la HISTORY.rc kabla ya kuianzisha upya.

Halafu fungua HEMCO_Config.rc, maana ndimo modeli inamoambiwa moshi gani unatoka wapi. Tafuta DICE_Africa. Ni hesabu ya moshi wa Afrika ya watafiti Eloise Marais na Christine Wiedinmyer ya mwaka 2016, na ndani yake kuna bodaboda, jenereta, kuni, mafuta ya taa na uchomaji mkaa. Angalia imeandikwa true au false. Ukiiwasha, hakikisha CEDS, hesabu ya moshi ya dunia nzima, haihesabu vyanzo hivyo hivyo mara ya pili.

Mkaa ndio unaoniuma. Moto wa mashamba na mapori unaingizwa kwa GFED, hesabu ya moshi wa moto duniani inayotegemea maeneo yaliyoungua yanayoonekana kwa setilaiti. Nimekulia kwenye matanuri ya mkaa. Tanuri limefunikwa majani na udongo, linafuka siku kadhaa, moshi wa rangi ya maziwa unatambaa chini asubuhi mpaka macho yanawasha, na ndimi za moto huzioni. Setilaiti inapita juu yake na hakuna kinachoandikwa. Chanzo cha namna hiyo lazima mtu akihesabu akiwa chini, na hao wawili walifanya hivyo kwa takwimu za matumizi ya nishati.

Kuhusu Wazungu: ni kweli timu inayoitunza iko Harvard na Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis. Lakini msimbo wote uko wazi kwenye tovuti ya GitHub kwa leseni ya MIT, inayomruhusu yeyote kuutumia na kuubadilisha, na sehemu nyingi zimeletwa na watumiaji wenyewe. Ukiwa na takwimu nzuri za mkaa wa Pwani, zipeleke.

juma_vipimo
Naongezea upande wa kifaa. PM2.5 ya GEOS-Chem hutolewa kwa unyevu wa asilimia 35. Vifaa vya bei nafuu vya leza vinapima chembe ikiwa imevimba kwa unyevu wa pwani, hivyo vinazidisha. Kiweke kwanza sambamba na kipimo cha uhakika, upate marekebisho, ndipo ulinganishe.

mwana_angahewa
Asanteni sana. Dada, intaneti ya idara ni ya kusuasua, hizo data za gridi ndogo nitazishushaje?

Bi_Kisarawe
Endesha na --dryrun kwanza. Haikokotoi chochote, inakuorodheshea tu mafaili yanayohitajika na yale usiyonayo, kisha download_data.py inashusha hayo yaliyokosekana. Anza na Julai peke yake, tena usiku. Likikwama, weka hapa faili la log (kumbukumbu za uendeshaji) lote, usikate mistari ya mwisho.