Tupeane uzoefu: serikali ilipoingia kwenye uzazi wetu

MamaSiti: Leo nimepita zahanati ya kwetu, nikaiona ile Nyota ya Kijani, alama ya uzazi wa mpango, imefifia ukutani. Miaka ya 1990 redio ilituhimiza uzazi wa mpango asubuhi na jioni. Mwaka 2018 Rais Magufuli, akiwa Meatu, akasema tusiwasikilize wanaotushauri kupanga. Kwenu ilikuwaje?

MwalimuMstaafu: Sisi watumishi likizo ya uzazi yenye malipo ilikuwa mara moja kila miaka mitatu. Wa pili aliwahi, nikakaa nyumbani bila mshahara. Baba yao aliuza baiskeli.

BabaWawili: Kweli kabisa, mwalimu.

BintiKahama: Mume wangu aliisikia ile hotuba redioni. Usiku akanishika mkono, kidole kikagota kwenye kijiti cha kuzuia mimba. "Hiki nini?" Niliwekewa baada ya upasuaji wa pili, daktari aliponiambia mwili upumzike. Asubuhi akanipeleka mwenyewe kikatolewe. Nesi akaninong'oneza, "Mama, una uhakika?" Mume amesimama mlangoni, nikaitikia kwa kichwa. Mimba iliyofuata kovu lilifumuka. Mimi nilipona, mtoto sikumpata.

MamaSiti: Jamani! Pole sana mdogo wangu.

Mzalendo: Pole dada. Ila marehemu Magufuli asilaumiwe, nchi hii kubwa, watu ndio nguvu.

MpareMdogo: Mkuu, sensa ya 2012 tulikuwa milioni 44.9, ya 2022 milioni 61.7. Mwanangu darasani anakaa chini. Nguvu gani tena unaisubiri?

Mzalendo: Basi yatengenezwe madawati, si kuzuia watoto!

JiraniBusia: Huku Kenya serikali ilianza mpango wake 1967, watu wakabaki na shaka. Maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya Rais Moi, yalipoletwa shuleni 1979, nyanya alinikataza: ati yana dawa ya kufunga uzazi. Pakiti yangu ya pembe tatu nikawa nampa binamu. Ana watoto saba.

BabaWawili: 😂😂 Saba!

DadaMkubwa: BintiKahama, choma sindano, haipapasiki.

MwalimuMstaafu: Usimfundishe kuficha. Aende na mumewe kliniki, daktari amweleze lile kovu.

DadaMkubwa: Shikamoo mwalimu, lakini aliyesimama mlangoni ataelezwa nini?

Mzalendo: Hesabuni siku tu, haina gharama.

BintiKahama: Asanteni. Nachoma sindano, na anajua. Daktari wa wodini ndiye aliyemkalisha chini.

MpareMdogo: Mzalendo, hayo madawati vipi?

Mzalendo: Muulize mbunge wako.