Naomba ushauri: Hulk namba 181, stempu ipo lakini karatasi yake inatia shaka

Wakuu, habari zenu. Nina nakala ya komiki (kitabu cha katuni) ya Marvel, The Incredible Hulk namba 181 ya Novemba 1974, ambamo shujaa Wolverine anapigana kwa mara ya kwanza (katika namba 180 alitokea ukurasa wa mwisho tu). Asili yake humo haielezwi: ni wakala wa serikali ya Kanada, basi. Kwamba makucha yake yametoka mwilini, si kwenye glavu, tulijua katika komiki ya X-Men namba 98, 1976.

Stempu ya Shanna (picha ndogo iliyochapwa ili msomaji aikate na kuikusanya) kwenye ukurasa wa barua za wasomaji haijakatwa. Ila karatasi hiyo ni nyeupe kuliko nyingine, wakati nusu yake ya pili, ng'ambo ya mkunjo, ni ya njano. Nahofia imetolewa kwenye nakala nyingine ikabandikwa. Pini zote mbili zinazoshikilia kurasa zina kutu inayoingia kwenye karatasi.

Nimehesabu kurasa, zimetimia. Nimepima ukingo wa juu na chini, umelingana. Sijagusa gundi wala kung'oa pini.

Naomba kujua:
1. Bila kufungua pini, nitathibitishaje kama kuna gundi kwenye mkunjo?
2. Pini zenye kutu niziache, au nibadilishe kwa za zama zilezile hata kama itahesabiwa ni ukarabati?