Stones Marekani 1969: kanda ya mtazamaji wa Oakland au albamu rasmi ya New York?

KisauniFM
Wakuu salaam. Mjomba wangu anatimiza miaka 70 mwezi ujao, na kwa bendi zote za Waingereza hakuna anayoipenda kama Rolling Stones. Nataka kumtilia onesho moja kwenye flashi ya gari, kutoka ziara yao ya Marekani mwishoni mwa 1969, Mick Taylor akiwa ndiyo kwanza kachukua nafasi ya Brian Jones.

Nimebakiwa na mbili. Live'r Than You'll Ever Be ilirekodiwa na mtu aliyekuwa ndani ya watazamaji, Oakland, California, tarehe 9 Novemba. Get Yer Ya-Ya's Out! ni albamu rasmi, na karibu yote imetoka Madison Square Garden, New York, tarehe 27 na 28 mwezi huohuo. Hata wiki tatu hazikupita kati yake, na nyimbo nyingi ni zilezile. Nimpe ipi?

bi_mdundo
Rasmi, na mjadala uishie hapo. Gari linanguruma, vioo viko chini, matatu inapiga honi ubavuni, halafu unamwekea mzee kanda iliyorekodiwa kwa kujificha? Atasikia makofi tu. Kwenye Ya-Ya's gitaa la Keith Richards lina upande wake na la Taylor lina wake, hata kwa spika mbili za mlangoni unajua nani kafanya nini. Halafu kwenye jalada kuna mpiga ngoma wao Charlie Watts anaruka hewani kando ya punda aliyebebeshwa ngoma. Mtu wa pwani utamnyimaje punda?

FundiMitambo
Dada hapo kwenye punda sina neno. Kwingine niacheni nirefushe kidogo, maana nimekaa kwenye mitambo ya bendi za dansi miaka kumi na ushei.

Kanda ya Oakland si ya kubahatisha. Aliyeirekodi anajulikana kwa jina la Dub, mmoja wa watu wa Trademark of Quality, lebo ya rekodi zisizo rasmi. Aliingia na Uher 4000, mashine ya kanda za reli inayotumia betri, na maikrofoni ndefu ya Sennheiser 805, aina ile inayoelekezwa kama bunduki. Maiki ya namna hiyo inachukua zaidi kinachotoka mbele na kupunguza kelele za ubavuni. Ndiyo maana waliosikia rekodi ile mwanzoni walidhani imetoka mikononi mwa watu wa ndani.

Watu wengi hudhani rekodi nzuri ni ile inayochomolewa moja kwa moja kwenye mitambo ya ukumbi. Si lazima. Gitaa linapopigwa kwa amplifaya kubwa jukwaani, mimi fundi naweza nisilipitishe sana kwenye mitambo, kwa sababu ukumbi umeshalisikia. Ukirekodi pale kwenye meza yangu utapata sauti ya mwimbaji imejaa pua na gitaa liko mbali kama lipo kwa jirani. Aliyekaa kwenye kiti ndiye anayepata mchanganyiko tuliokusudia, pamoja na mwangwi wa kuta.

Na hiyo "rasmi" nayo tuiseme vizuri. Ilirekodiwa kwa njia nyingi, kila chombo na njia yake, kisha ikapelekwa studio London na mwimbaji wao Mick Jagger akaimba upya baadhi ya sehemu. Ngoma na gitaa ni za New York, ila sauti unayoisikia si yote ya usiku ule. Kwa Oakland, akikosea kakosea.

chuma_cha_forodhani
Miaka 70 ya mtu wa pwani mnamwekea Stones, Freddie Mercury mzaliwa wa Unguja yupo? Mpe Queen!

KisauniFM
😂 Queen anazo zote mkuu, alishaniambia nisimletee tena.

mzee_wa_kaseti
Vijana, kabla ya kuchagua Oakland ipi na New York ipi, ulizeni nakala imetoka wapi. Sisi tulikuwa tunarudufu kaseti kwa redio ya milango miwili. Nakala ya kwanza safi, ya pili ina mvumo, ikifika ya tano unasikia mvua inanyesha na mtu anaimba kwa mbali. Kanda za watazamaji zimepita njia hiyohiyo. Live'r iliuzwa kwa sahani Desemba 1969, kwenye jalada jeupe lililogongwa mhuri wa mpira, halafu wengine wakaanza kunakili kutoka kwenye sahani ile. Kuna faili mtandaoni ambazo ni nakala ya nakala, na juu yake mtu kaongeza besi kwa ujuzi wake. Hiyo ukimpa mjomba atakuona humpendi.

Wakati ule sheria ya shirikisho ya Marekani ilikuwa bado hailindi rekodi za sauti, ulinzi ulianza Februari 1972. Mhuri ule ulikuwa unagongwa karibu mchana kweupe. Jarida la Rolling Stone likaisifu, na wengi tunaamini sifa zile ndizo zilizoiharakisha kampuni ya Decca kutoa Ya-Ya's Septemba 1970. Kwa hiyo bi_mdundo, huyo punda wako kavutwa na mwizi.

bi_mdundo
Shikamoo mzee. Sawa, ila msiniambie albamu rasmi haina watazamaji. Kabla ya "Sympathy for the Devil" kuna mwanamke anapiga kelele akiomba "Paint It Black". Hawakumpa, na nusu karne baadaye bado yumo anaomba. Huyo ananitosha kujua kwamba niko ukumbini.

FundiMitambo
Huyo nampenda hata mimi. Lakini "Gimme Shelter" haimo kwenye Ya-Ya's, hata toleo la 2009 lililoongezewa nyimbo haikuwekwa. Oakland ipo. Na usiku ule albamu ya Let It Bleed ilikuwa haijatoka, kwa hiyo ukumbi mzima unausikia wimbo ule kwa mara ya kwanza. Sauti ya yule mwimbaji wa kike, Merry Clayton, ya kwenye albamu hakuna, Jagger anahangaika nao peke yake. Nikipewa wimbo mmoja wa ziara nzima nachukua huo.

Kwa gari, nakubali, dada yuko sahihi. Maiki moja na injini ya dizeli havielewani.

KisauniFM
Mrejesho wakuu. Nilimtilia Ya-Ya's nzima, na mwisho kabisa nikaongeza "Gimme Shelter" ya Oakland, nakala aliyonipa mzee_wa_kaseti kwa PM. Ahsante sana mzee.

Jumapili kaniambia twende Mtwapa, yeye anaendesha. Albamu yote anapiga vidole kwenye usukani na kunisimulia mambo ya ujana ambayo mama yangu hajui. Ya Oakland ilipoanza akanyamaza. Akapandisha vioo, akazima AC. Karibu na darajani akaingiza gari pembeni, akazima na injini, akairudisha mwanzo.

Ilipokwisha akaniuliza, "Huyu aliyerekodi alikaa wapi?"