Kundi la wafugaji wa kuku si mahali pa matangazo ya mikopo na mabishano ya Simba na Yanga

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa nimekasirika, na sioni sababu ya kuificha hasira hiyo. Nimo katika kundi la WhatsApp la wafugaji wa kuku, ambalo maelezo yake yanasema bayana kwamba limeanzishwa kwa ajili ya chanjo, chakula, magonjwa na masoko. Atakayelifungua leo atakutana na matangazo ya mikopo ya haraka, picha za maua za kutakiana Jumatatu njema, mabishano ya Simba na Yanga, na video ndefu za mahubiri.

Hivi karibuni mama mmoja anayefuga kuku wa nyama aliuliza swali ambalo kila mfugaji anaujua uzito wake. Alikuwa mkononi na chanjo ya Gumboro, ugonjwa wa kuku unaoletwa na virusi, vifaranga wamenyimwa maji tangu alfajiri ili wainywe kwa pamoja, ndipo akakumbuka kwamba maji aliyokuwa nayo ni ya bomba na yana klorini. Chanjo ile ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Klorini huviua, na chanjo ikishachanganywa inatakiwa imalizike ndani ya saa mbili hivi. Jibu lilikuwa fupi kabisa: atie kwanza maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 hivi kwa kila lita, asubiri kama nusu saa, ndipo achanganye chanjo. Au atafute maji safi ya kisima. Swali lake halikudumu machoni pa watu, kwa sababu papo hapo lilifunikwa na ugomvi wa penalti iliyokataliwa. Daktari wa mifugo aliyemo humo alilikuta jioni, vifaranga wameshanyweshwa kwa maji yale yale. Sasa yule mama hajui kama kuku wake wana kinga au walikunywa maji matupu, na Gumboro haina tiba.

Kila nikilalamika naambiwa kwamba kundi linahitaji kuchangamshwa na kwamba asiyependa ujumbe aupite. Hoja hiyo siikubali hata kidogo. Watu hawaupiti ujumbe mmoja mmoja. Wanalizima kundi zima lisiwapigie kengele, na wa kwanza kulizima ni wale wenye ujuzi na kazi nyingi, yaani madaktari na wafugaji wazoefu, ambao ndio tuliowafuata humo.

Wapo pia wanaosema kwamba wamebonyeza tu bila kukusudia. Tangu Aprili 2020, ujumbe wenye alama ya kusambazwa mara nyingi hauwezi kutumwa zaidi ya sehemu moja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo aliyetuletea uzushi wa zawadi za mtandaoni wenye alama hiyo alifungua orodha yake ya mawasiliano, akalichagua kundi letu peke yake, kisha akatuma.

Habari za misiba ni jambo zito na sitaki nieleweke vibaya. Mwenzetu akifiwa, taarifa itolewe, na mchango ukihitajika namba iwekwe. Lakini pole mia moja zinazofanana neno kwa neno zipelekwe kwa mfiwa mwenyewe, ambaye mara nyingi siku hiyo hata hasomi kundi.

Kinachoniudhi kuliko yote ni ukimya wa wasimamizi. Tangu 2022 wana uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote usionekane kwa wote, na hawautumii kwa kuogopa lawama. Sitaki wafunge kundi wabaki wakiandika wao tu, maana hapo hata maswali ya kuku yatakosa pa kuulizwa. Ninachodai ni kundi la pili la soga kwa wanaopenda soga, onyo moja la faragha kwa anayekosea, na kuondolewa kwa anayerudia, hata kama ni rafiki wa msimamizi.

Wanaosimamia makundi ya namna hii humu jukwaani, naomba mnieleze mnawadhibiti vipi watu wa aina hii.